Kava la gari la kitambaa: maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu kufua na kutunza

Kazi yangu ni kushona na kukarabati makava ya magari hapa Dar es Salaam. Maswali ya wateja ni yaleyale, na mengi huja kwa simu saa mbili usiku, kava likiwa tayari limelowekwa kwenye beseni pamoja na jiki. Nimeona niyajibu hapa. Nazungumzia makava ya kitambaa: ya poliesta, ya pamba, na yale ya tabaka kadhaa yenye flaneli laini kwa ndani. Kava la plastiki tupu lina habari yake nyingine.

Kwani kava nalo linafuliwa? Si ndiyo kazi yake kuchafuka badala ya gari?

Upande wa nje, sawa, uchafuke unavyotaka. Kinachokula rangi ya gari ni upande wa ndani, na huo ndio watu hawaugusi kwa sababu jirani hauoni. Kava halikai limetulia. Kusi ikianza kuvuma, kitambaa kinapanda na kushuka juu ya boneti usiku kucha. Kama katikati pana mchanga, gari lako linapigwa msasa ukiwa umelala.

Fanya jaribio hili leo. Geuza kava, pitisha kiganja kikavu pale panapokaa boneti, halafu kiangalie. Kikitoka na unga wa kahawia, kava lako limeshakuwa adui.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa RAV4 nyeusi. Kila asubuhi nilikuwa nalivuta kava kutoka mbele kwenda nyuma, linaangukia mchangani, linashinda hapo hadi jioni, kisha nalirudisha hivyohivyo. Mwaka haukuisha. Usiku mmoja nimesimama kituo cha mafuta, taa ikalipiga boneti kwa pembeni, nikaona mistari myembamba kama utando wa buibui imejaa boneti nzima. Fundi wa polishi aliniuliza kama gari naliosha kwa fagio la chelewa.

Nifue mara ngapi?

Inategemea unaishi wapi kuliko inavyotegemea kava lenyewe. Anayekaa Goba, Kinyerezi au Chanika, kwenye barabara isiyo na lami, wakati wa kiangazi anahitaji kufua kila mwezi, na kukung'uta kila wiki. Kigamboni, Mbezi Beach na Kunduchi vumbi ni kidogo lakini kuna chumvi ya bahari. Haionekani, ila inavuta unyevu na kukaa nao kwenye nyuzi, kwa hiyo huko suuza kwa maji matamu kila mwezi hata kama kava linaonekana safi. Upanga na Oysterbay, chini ya miti mikubwa, shughuli ni ndege na utomvu, na doa la ndege halisubiri ratiba.

Kama unaishi ghorofani na gari linalala kwenye maegesho yenye paa, mara tatu kwa mwaka inatosha.

Sabuni gani?

Sabuni ya maji ya kawaida, ile ya kuoshea vyombo au ya kuoshea magari, vijiko vitatu vya chakula kwenye ndoo ya lita 20. Basi. Sabuni ya mche pia inafaa ukiikwangua na kuiyeyusha kabisa kwanza, usiisugue moja kwa moja kwenye kitambaa ikaacha mabaki. Sabuni ya unga mimi siipendi. Chembe zake haziyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi, zinajificha kwenye flaneli, na siku ya mvua unakuta povu linashuka kwenye kioo cha mbele.

Dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu ya maua, usiiguse kabisa. Inaacha utando kwenye nyuzi, vitundu vya kupitisha hewa vinaziba, na kava lililoziba linafungia unyevu juu ya gari. Halafu gari halihitaji kunukia mawaridi.

Na jiki kidogo tu, kwa ajili ya ule weusi wa ukungu?

Hapana, hata kifuniko kimoja. Jiki inang'arisha doa na wakati huohuo inakula uzi wa mshono, rangi, na ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kiwandani. Kava linatoka jeupe, unafurahi, baada ya miezi miwili lastiki inaachia na mishono inafumuka yenyewe. Makava ya namna hiyo naletewa mengi, na siwezi kuyasaidia sana kwa sababu kitambaa kinachanika pembeni ya kila mshono mpya ninaoupiga.

Na kuna jambo la afya. Wapo wanaochanganya jiki na siki au na limau ili «iwe kali zaidi». Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Usifanye, hasa bafuni kusiko na dirisha.

Mashine ya kufulia je?

Soma kwanza kitambulisho kilichoshonwa kwenye pindo. Kava jepesi la poliesta la tabaka moja, la gari dogo kama Vitz, linaweza kuingia kwenye mashine kubwa ya kupakia kwa mbele, maji baridi, mzunguko wa pole, bila kukamuliwa kwa kasi. La tabaka nyingi, hapana: likinywa maji linakuwa zito kuliko mashine ya nyumbani inavyobeba, na mshindo wa kukamua unatenganisha tabaka. Mashine yenye nguzo katikati ya ngoma ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inalisokota kava kama kamba. Kikaushio cha moto na pasi ni marufuku kwa kila aina.

Basi nielekeze jinsi wewe unavyofua.

Naanza likiwa bado juu ya gari. Nafagia majani kwa brashi laini, kisha napandisha pembe za kulia na kushoto zikutane juu ya paa, halafu nalikunja kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa njia hiyo nje inakutana na nje, ndani inabaki na ndani, na uchafu hauhami. Hata siku ambazo sifui, ndivyo ninavyolivua. Likigusa ardhi, nimeshindwa.

Pili, tunalikung'uta watu wawili kama mkeka, tukiwa tumeupa upepo mgongo. Vumbi likitoka kavu umeokoa ndoo nzima ya maji. Vumbi likilowa kabla ya kutoka linakuwa tope, na tope linaingia ndani zaidi ya nyuzi.

Kisha sakafu. Baraza la saruji lililofagiwa na kumwagiwa maji linafaa. Kama uani kwako ni mchanga mtupu, tandika turubai kwanza, maana kufulia kava mchangani ni kazi ya bure. Tandaza upande wa nje ukiangalia juu, lowesha lote, acha dakika kumi. Sugua kwa brashi ya nyuzi laini kufuata mshono, kutoka katikati kwenda pembeni, kisha suuza. Osha sakafu. Ndiyo, sakafu tena, kwa sababu sasa unaligeuza na flaneli itatazama juu huku mgongo ukilalia pale penye tope. Chukua ndoo mpya ya maji ya sabuni na sponji safi, usirudie ile ya nje. Flaneli haisuguliwi kwa brashi. Unaibonyeza kwa sponji, unaiachia, unaibonyeza tena, utaona maji ya kahawia yanapanda yenyewe.

Kusuuza ndiyo kazi yenyewe. Kwa kava la IST mimi hutumia ndoo tano za lita 20 kwa jumla, na tatu kati ya hizo ni za kusuuza ndani. Namna ya kujua limetakata: kamata pembe moja ya flaneli, ikamue juu ya bakuli jeupe. Maji yakiwa meupe bila povu, umemaliza. Yakiwa na povu, hata kidogo, rudi.

Usilikamue kwa kulisokota. Likunje mara nne, ulilalie kwa viganja maji yatoke, kisha watu wawili walinyanyue. Lianikwe kwenye kamba mbili sambamba, kama hema, uzito ugawanyike, ndani ikiwa imetazama jua. Kamba moja inalivuta katikati na kava linatoka na umbo jipya lisilolingana na gari lolote duniani.

Nikianza saa mbili asubuhi, kiangazi linakuwa limekauka saa tisa alasiri, isipokuwa pindo la lastiki. Hapo kitambaa kimejikunja mara mbili tatu na maji yanajificha. Libane kwa vidole mzunguko mzima kabla hujasema limekauka.

Naweza kulianika ukutani?

Kuta zetu za Dar tunazijua, juu kuna vipande vya chupa au seng'enge. Mteja mmoja alilianika kwa uangalifu sana, akalishusha kwa haraka kwa sababu wingu lilitanda. Niliyahesabu matundu: kumi na moja, yamepangana kwa mstari kama vifungo vya kanzu.

Maji ya bomba yamekatika, kisima chetu kina chumvi. Nitumie?

Kwa kuloweka na kusugua, tumia, ingawa utaona sabuni haitoi povu vizuri. Usiongeze sabuni ukidhani haitoshi. Lakini suuzo la mwisho lazima liwe la maji matamu, ya bomba la DAWASA uliyoweka kwenye tangi au ya mvua. Maji ya chumvi yakikauka kwenye flaneli yanaacha unga mweupe, na chembe hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye rangi ya gari.

Wakati wa masika, maji ya bati ni zawadi. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga inayofuata.

Kunguru! Kila asubuhi kava limepakwa chokaa.

Pole, sote tuko humo. Hawa kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka kuja bara, na tangu hapo hakuna aliyewaambia kazi imekwisha.

Kinyesi cha ndege kina tindikali na mara nyingi kina punje za mchanga au mbegu ndani yake. Kwa hiyo mambo mawili: usikiache kikapikwa na jua la mchana, na usikikwangue kikiwa kikavu. Lowesha kitambaa chakavu, kilaze juu ya doa dakika kumi au kumi na tano, kisha lifute kwa kulinyanyua, siyo kwa kulipaka. Kama kava ni jembamba, inua na uangalie rangi ya gari mahali hapohapo, maana kinyesi kikilowa umande kinapenya na kuchora.

Ukiweza, sogeza gari mita mbili tatu kutoka chini ya waya wa umeme au tawi wanalolala. Mita mbili hizo zinafanya kazi kuliko sabuni yoyote ninayoijua.

Gari linalala chini ya mwembe. Utomvu hautoki, na msimu wa zambarau ni balaa.

Utomvu mbichi futa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliokwisha kukauka, dondoshea spiriti ya hospitali kwenye pamba, gusa doa kidogo kidogo, suuza papo hapo. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani kuona kama rangi ya kitambaa inatoka. Petroli na mafuta ya taa usitumie: yanakula tabaka la kuzuia maji, na kava linabaki na harufu ambayo ni hatari karibu na gari ambalo injini bado ina moto.

Zambarau, hasa zilizopita tumboni kwa popo, zinaacha rangi ya kudumu. Osha siku hiyohiyo kwa maji baridi, kisha siki nyeupe kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, acha robo saa, suuza. Ikibaki kivuli cha urujuani, kubali. Doa la nje halina madhara kwa gari, na kama nilivyosema, jirani siye mmiliki.

Jirani anajenga, kava limejaa vumbi la saruji.

Hapa maji ndiyo adui. Saruji ikilowa inaganda kwenye nyuzi, na maji yake ni makali kwa rangi. Usilimwagie kitu. Kung'uta kikavu, piga brashi kikavu, kama una mashine ya kufyonza vumbi pitisha, ndipo ufue. Ukisikia mvua inakuja kabla hujakung'uta, livue. Heri gari lilowe kuliko kava ligande juu yake.

Masika imefika, kava linanuka uvundo na lina vidoa vyeusi.

Ni ukungu. Unaota popote penye unyevu, joto na uchafu wa kula, na Dar kuanzia Machi hadi Mei ina vyote vitatu. Lianike juani kwanza likauke kabisa, kisha piga brashi nje, mbali na nyumba, ukiwa umefunga kitambaa puani. Paka siki nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, acha nusu saa, fua kawaida, rudisha juani. Harufu itaondoka. Vidoa vyeusi vikongwe huenda visiondoke, lakini ukungu wenyewe, sehemu kubwa utakuwa umekufa.

Ukungu ukirudi baada ya wiki mbili, tafuta chanzo. Mara nyingi ni gari kufunikwa likiwa bichi.

Kwa hiyo nisifunike gari likiwa limelowa?

Usifunike. Najua inavyokuwa: umerudi kazini mvua imekunyeshea Morogoro Road nzima, umechoka, unataka kulifunika ukalale. Maji yanayobaki chini ya kava yanapashwa moto na jua la asubuhi, yanakuwa mvuke, yanatafuta pa kuingia: kwenye mikwaruzo, kwenye mapengo ya milango, kwenye kutu iliyokwisha kuanza. Makava mazuri yanapumua, lakini hayapumui kwa kasi ya dimbwi. Futa gari kwa taulo, au liache wazi usiku huo.

Na subiri injini ipoe. Ekzosi ya moto inayeyusha poliesta kwa sekunde chache. Matundu ya mviringo upande wa nyuma, chini kulia au kushoto, ndiyo ukarabati ninaoufanya mara nyingi kuliko wowote.

Zamani maji yalikuwa yanateleza, sasa yanapenya. Limekwisha?

Huenda ni chafu tu. Vumbi na mabaki ya sabuni yanavuta maji. Lifue, lisuuze vizuri mara mbili, likaushe, kisha dondosha maji kidogo kwa kijiko. Yakisimama kama shanga, lilikuwa chafu. Yakitanuka na kunywewa, dawa ya kiwandani imeisha. Unaweza kupulizia dawa ya kuzuia maji ya mahema, nje tu, kwenye kitambaa safi kilichokauka. Usisugue mshumaa kwenye mishono, mtindo ambao nauona sana mitaani. Jua letu la saa saba linauyeyusha na nta inashuka kwenye rangi ya gari.

Limechanika kidogo. Nipeleke kwa fundi cherehani yeyote?

Fundi wa nguo anaweza, ukimwambia mambo matatu: uzi uwe wa poliesta, siyo wa pamba unaooza, sindano iwe nyembamba, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na kiraka kiwe na pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndizo zinazoanza kunyanyuka. Kiraka kiwekwe nje. Ndani pabaki laini bila mshono uliovimba. Na fua kwanza, tafadhali. Cherehani yangu imekula mchanga wa kutosha.

Wakati kava linakauka, nifunike kwa turubai au blanketi?

Liache gari wazi kwa siku moja, halitakufa. Turubai halipumui na linapigapiga. Blanketi linakunywa umande na kuulaza juu ya paa.

Nasafiri na gari mwezi mzima, kava nilihifadhi vipi?

Kavu kabisa, kwenye mfuko wa kitambaa, siyo wa plastiki, juu ya rafu na siyo sakafuni. Panya wanapenda flaneli kuliko sisi. Nyunyiza karafuu chache kwenye mfuko kama unazo. Panya hawazijali, lakini mende hukaa mbali kidogo na kava linarudi likinukia vizuri. Usilikunje kwa mistari ileile kila mara, mkunjo wa kudumu ndio unaopasuka kwanza.

Paka analala ndani ya kava.

Boneti lina joto na kava ni chandarua, wewe ungekuwa paka ungelala wapi? Kaza lastiki ya chini au ongeza kamba ya kupita tumboni mwa gari, asipate pa kuingilia. Manyoya yaondoe kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo. Na kabla ya kuwasha gari asubuhi, piga boneti mara mbili kwa kiganja, usubiri kidogo.